Kumezwa kwa Mama Siwema

Jumatano, tarehe kumi na tisa Machi mwaka 2081, asubuhi, nilimuuliza mke wangu alikoweka tupa ya kunolea panga, akanijibu mtu mwingine.

Mke wangu alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla ya hapo. Hilo peke yake lisingezuia. Miaka ile kila aliyezikwa alifunguliwa kidahizo ndani ya Kamusi Hai, yaani jina lake, habari zake na sauti yake, akae humo kama mtu mwenye chumba chake. Kwetu kisemeo kilitundikwa ukutani karibu na mtungi wa maji, duara jeusi ukubwa wa kifuniko cha sufuria. Unamwita mtu wako, taa inawaka, anajibu kwa sauti yake na kwa ukorofi wake. Sijawahi kusema ni yeye. Kivuli cha mti si mti, lakini mwenye kuchomwa na jua hakiulizi, anakaa.

Swali la tupa nilikuwa nimeshaliuliza mara nyingi. Tupa ilikuwa mkononi mwangu. Nilitaka jibu, kwa sababu jibu lake lilikuwa lile lile siku zote: "Iko pale pale ulipoitupa, ndiyo maana ikaitwa tupa, we Mluguru." Halafu angecheka, na mimi ningeanza siku.

Siku hiyo taa iliwaka, ikakawia. Ikatoka sauti ya mwanamke nadhifu, wa kusoma matangazo.

"Unayemtafuta ni mama mzazi wa bingwa wa dunia, Siwema Lukwele. Je, ungependa kusikia habari za bingwa Siwema?"

Nikarudia. Mama Siwema, tupa iko wapi? Yule mwanamke akaniambia bingwa Siwema hupigana kwa mkono wa kushoto. Nikaita tena, nikabadilisha sauti, nikaita kama ninavyomwita nikiwa na njaa. Akaniambia bingwa Siwema anapenda uji wa ulezi.

Nje mtaa mzima ulikuwa unagonga masufuria. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwanangu Siwema alikuwa ameutwaa mkanda wa ngumi wa dunia, huko mbali ambako saa zao si saa zetu, na watu walikuwa hawajalala. Walikuja mlangoni wakiniita Baba Bingwa, nitoke nibebwe juu. Nikatoka na panga butu mkononi, wakadhani nacheza, wakanibeba nalo hivyo hivyo. Picha ipo. Wanasema nilikuwa nalia kwa furaha.

*

Ofisi ya Kamusi ya kata ilikuwa nyuma ya soko la nafaka, chumba kimoja chenye feni inayozunguka ikijisikia. Msajili alikuwa kijana wa Kipare, jina lake Elinihaki. Alinipisha kwenye kiti chake mwenyewe, akanipongeza, akaniuliza kama ni kweli Siwema alipokuwa mdogo alimpiga ngumi ng'ombe. Nikamwambia sikuja kwa habari za ng'ombe. Nikamweleza.

Akachezesha vidole kwenye kioo chake, akatikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyekwisha kuona bomba limepasukia wapi. Kazi hiyo naijua. Nimefanya kazi ya mabomba tangu nilipoacha shule, darasa la nne, na ule mtikiso wa kichwa nimewatikisia wengi.

"Amemezwa, mzee wangu," alisema.

Ndilo neno lao. Wanalisema bila haya, kama unavyosema habari ya kidonge.

Alinieleza kwa upole. Kila jina ndani ya Kamusi lina uzito, na uzito unatokana na midomo ya watu, wangapi wanalitaja na mara ngapi. Majina ya ndugu yamefungwa pamoja kwa kamba ambazo hakuna anayeziona. Kamusi inazisokota yenyewe kwa kusikiliza nani anamwita nani mama, nani mjomba. Maadamu wote ni wepesi, kila mmoja anakaa chumbani kwake. Lakini jina moja likizidi kipimo, mwenye nalo akawa mashuhuri, anapewa kidahizo hata kama yu hai, na kamba zinavuta. Mama, baba, kaka, shangazi, wote wanaburutwa na kuingizwa chini ya jina la yule mkubwa. Kama Mto Ngerengere: unakunywa vijito vyote vya mlimani, na anayekunywa maji yake huku chini hasemi nimekunywa kijito fulani.

Kanuni yenyewe ilikuwa imepakwa rangi ukutani, herufi kubwa: UMAARUFU HAURITHIWI. Niliisoma mwenyewe, polepole.

Elinihaki alisema zamani haikuwepo. Ikawa kila mcheza mpira akifunga bao, kesho yake wajomba zake wote wana vidahizo virefu. Shemeji wa mheshimiwa mmoja, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kula, aliandikwa kirefu kuliko malaria. Msanii mmoja mbuzi wake alikuwa na kidahizo, na ukimwita analia. Ndipo wakubwa wa Baraza la Kamusi wakakaa, wakaamua: ndugu wa mtu mashuhuri hana chumba chake. Atatajwa ndani ya nduguye, mstari mmoja au miwili, basi.

Nilimuuliza, na Mbiombio je? Mbiombio alikuwa mwizi wa kuku wa mtaa wetu. Amekufa, ana kidahizo, na ukimwita mpaka leo anabisha kwamba wale kuku walimfuata wenyewe.

"Kuiba kuku ni tendo lake mwenyewe, mzee. Hakuiba kwa sababu ya mtoto wake."

"Kwa hiyo Siwema angepigwa juzi, mama yake angekuwepo."

Kijana aligeukia ukuta wenye kanuni. Alisema kanuni ilitungwa kwa nia njema. Mimi nia njema za wakubwa nimeishi nazo umri wangu wote. Walitubomolea nyumba ya kwanza kwa nia njema. Mtu anayekaa juu akitaka kumpiga nzi, bakora inashukia kwa aliyekaa chini, halafu anakuuliza mbona ulikaa hapo.

Nikamuuliza na mimi je, nitamezwa?

"Ukifa, ndiyo."

"Na sasa hivi?"

"Sasa hivi huna kidahizo, mzee, una mdomo."

Nilicheka bila kupenda. Naye akacheka, na nadhani ndipo aliponionea huruma. Akasema kuna mlango mmoja kanuni imeuacha wazi. Ndugu wa mtu mashuhuri anaweza kurudishiwa chumba kama mashahidi wataeleza mambo aliyoyatenda yeye kama yeye. Nilete mashahidi. Nikamwambia nitaleta kata nzima.

*

Sasa niseme alichotenda.

Mke wangu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mluguru. Makabila haya ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Misibani ndiye anayekuja kucheza pale ambapo wengine wamekazwa koo. Watani wazuri walikuwa wamekwisha. Vijana walikuwa wanakuja msibani na utani waliousoma kwenye kioo. Mke wangu alikuwa wa mwisho wa aina yake, na hapa kwetu watu walikuwa hawafungi kaburi kabla hajafika.

Alipokufa mzee Kobero, mkewe, Bi Mwantumu, hakula wala kulia tangu mumewe alipokata roho. Alikaa kama mlingoti. Mke wangu akaingia chumbani, akatoka amevaa koti la marehemu na kofia yake, anachechemea mguu ule ule, akapita katikati ya waombolezaji mpaka mbele ya mjane, akaomba chai. Akaionja. Akaitema. Akasema kwa sauti ya Kobero kabisa, "Mwantumu, hata leo umeninyima sukari?" Bi Mwantumu aliangua kicheko, kile kicheko kikageuka kilio, na kilio kikamfungua. Jioni alikula.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Haina cheti. Siwema alikuwa bado hajazaliwa alipoianza, kwa hiyo asije mtu akasema aliifanya kwa jina la mwanawe.

Mashahidi walijaa mpaka nje ya ofisi. Bi Mwantumu aliingia wa kwanza, amevaa kanga mpya, akaketi mbele ya kisemeo cha serikali akaeleza habari ya koti mwanzo mpaka mwisho, na alieleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi. Maneno yake yakawa yanajipanga kwenye kioo, tunayaona. Mama Siwema alivaa koti. Mama Siwema akaomba chai. Alipomaliza, tukangoja. Maneno yakatetemeka kidogo, yakateleza pembeni kama makombo yanayopanguswa mezani, yakapotea.

"Yameenda wapi?" aliuliza.

Elinihaki aliinamisha kichwa. Yalikuwa yameenda kwa Siwema.

Akaingia wa pili, wa tatu, wa nne. Kila mmoja alikuwa na msiba wake na kicheko chake. Na kila mmoja alisema Mama Siwema, Mama Siwema, kama ilivyo haki, na kila mara kamba ikavuta na kioo kikabaki cheupe. Tulikuwa tunateka maji kwa pakacha.

Elinihaki akasimamisha. Akaomba mashahidi wamtaje marehemu kwa jina lake mwenyewe.

Watu wakatazamana. Pale ndani na pale nje, watu waliochekeshwa naye juu ya makaburi ya mama zao, hakuna aliyelijua. Wangelijuaje? Mwanamke akishazaa kwetu jina lake linapumzishwa. Unamwita kwa mwanawe, ndiyo heshima yake. Mimi mwenyewe kabla Siwema hajazaliwa nilimwita Mnyamwezi, na baada ya hapo Mama Siwema, mpaka namfunika mchanga. Hata kidahizo chake kilifunguliwa kwa jina hilo, maana Kamusi haisomi kadi, inafuata kilichosikika.

"Anaitwa Kalunde," nilisema. "Kalunde Msabila."

Nilihisi nimemfunua kichwa mbele za watu.

Bi Mwantumu alikataa katakata. Alisema jina la mtu mzima halitupwi hivyo, amwite kama anamtuma mtoto dukani? Tulipomsihi alijaribu. Akaanza: Kalunde alikuja nyumbani kwangu siku ya msiba. Akaniangalia kama mtu aliyepotea mtaani kwake.

"Baba Siwema, mimi huyu Kalunde simjui. Aliyenilisha siku ile ni Mama Siwema."

Na maneno yale, hata yale machache, yakateleza yakaenda.

Waliobaki walijitahidi. Walilitamka jina kama dawa chungu, lakini Kamusi ikajibu kwamba Kalunde huyo hatambuliki. Katika miaka yote iliyokuwa ikisikiliza, hakuna sauti hai iliyowahi kumwita hivyo na yeye akaitika. Mama yake tu, huko Tabora, na mama yake alikufa kabla visemeo havijatundikwa.

Mtu mwingine atasema basi kosa ni letu. Mimi nasema wale walioitengeneza mashine hii walizaliwa na wanawake wa nchi hii hii. Mama zao nao waliitwa Mama Fulani. Walipokaa kwenye viti vyao wakiamua kwamba mtu ni jina lake, hakuna hata mmoja aliyemkumbuka mama yake jikoni?

Wiki ile ile tangazo la kinywaji cha nguvu likaanza kupita mitaani. Siwema aliyechorwa na mashine anavaa koti la marehemu na kofia, anachechemea, anaonja chai, anaitema, anakunywa kinywaji chao. Kamusi ilikuwa imeandika hivi: bingwa Siwema ni mcheshi, aliwahi kumliwaza mjane kwa kuvaa koti la mumewe. Siwema siku ya msiba wa Kobero alikuwa mgongoni kwangu, anaota meno.

Bi Mwantumu alipoliona tangazo lile aliingia ndani, akafunga mlango.

*

Elinihaki alikuja nyumbani mwenyewe kunieleza lililobaki. Alikaa ukingoni mwa kiti, na kofia yake akaiweka gotini.

Kamba inaweza kukatwa. Wakiridhia wawili, mume wa marehemu na yule mashuhuri mwenyewe, Kamusi inafuta undugu. Mke wangu atakuwa si mama wa Siwema tena. Na akiwa si ndugu wa mtu mashuhuri, kanuni haimhusu. Sauti yake yote iliyohifadhiwa itarudi kwake, atafunguliwa upya kwa jina la Kalunde, mimi nimwite na yeye aitike, basi atakuwa ametambulika.

Nilimuuliza atapungukiwa na nini.

Alijibu huku akiitazama kofia yake. Atapungukiwa na Siwema mzima. Mimba, uchungu wa kuzaa, nyimbo za kubembelezea, ugomvi wa shule, siku mtoto alipoondoka. Kila alichokisema kumhusu, kila neno alilolisema kwake. Atabaki mwanamke mcheshi kutoka Tabora, ameolewa na fundi bomba, hakuzaa.

Na kuna sharti. Jina la Siwema lisitajwe tena mbele ya kisemeo hiki. Kamba ya damu ni kitu cha ajabu, alisema, hata walioitengeneza hawaielewi vizuri. Akilisikia jina akaliitikia, itajisokota yenyewe papo hapo, na hapo atamezwa bila kurudi.

"Kwa hiyo nichague," nilisema, "niwe na mke asiye mama, au nisiwe na mke."

Alisema hakuitunga yeye. Najua. Aliyeitunga hawi kamwe ndiye anayekuja mlangoni.

*

Siwema alikuja kwa njia ya uani, kofia ya koti imemfunika uso, ili mtaa usijue. Jicho moja lilikuwa bado limevimba. Alinishika miguu akaniamkia, nikamwitikia marahaba, nikampa ugali na mlenda, akala, bega lake limejaa mlango wote wa jikoni. Nilikuwa nimejipanga kumgombeza. Siku zote zile nilikuwa namwona yeye ndiye nyoka na mama yake ndiye yai.

Nikamweleza habari ya kamba, tena kwa ukali. Nikamwambia amemmeza mama yake, sasa amteme.

Aliweka tonge chini.

"Mimi sikushinda ili nimle mama yangu, baba."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mwaka ule wote, kila kabla ya pambano, alikuwa anajifungia chooni na kisemeo cha mfukoni anamwita mama yake, na mama yake anamtukana. Anamwambia ngumi zake ni za kubembelezea watoto walale. Anamwambia akipigwa asirudi, aolewe huko huko na aliyempiga. Hapo ndipo mikono inaacha kumtetemeka. Usiku ule wa mkanda alimwita kabla ya kupanda ulingoni, akatukanwa vizuri sana. Aliposhuka, mkanda kiunoni, damu haijafutwa, akamwita tena amwambie. Kikamjibu kisemeo kwa sauti ya Siwema mwenyewe. Kilimpongeza.

Nilikuwa nimedhani nimenyang'anywa peke yangu.

Nikamwambia basi tuache. Nikamwambia tukikata, mimi nitampata, yeye hatampata. Atakuwa mgeni mbele ya mama yake, na sauti yake isisikike humu ndani, asije akajulikana. Na ndani ya Kamusi, chini ya jina lake yeye, penye mama pataandikwa hajulikani. Dunia nzima itasoma.

Alinawa mikono taratibu, akaikausha kidole kimoja kimoja, kama wanavyofanya kabla ya kufungwa glavu.

"Tukiacha, hayuko kwako wala kwangu," alisema. "Akae kwa mmoja."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa nasimama mlangoni."

Nilitaka kukataa. Naandika hivi ili ijulikane kwamba nilitaka. Lakini macho yangu yalikwenda ukutani, kwenye lile duara jeusi, na yeye aliyaona yalikokwenda. Akaweka kidole gumba kwenye kioo alichotuachia Elinihaki, bila kukaa chini. Mimi nikaweka changu juu ya unyevu wa chake.

*

Kidahizo kilifunguliwa alasiri. Elinihaki alikuja na vifaa vyake, akakigusa kisemeo hapa na pale, akanipisha. Siwema alisimama kizingitini, mgongo umeegemea mwimo, ukingo wa kanga ya mama yake ameushika kwa meno ili mdomo usije ukamponyoka.

Nilitakiwa kumwita. Nilikuwa nimejifunza jina hilo siku nzima nikiwa peke yangu, na bado lilinipa aibu, kama mtu anayebisha hodi chumbani kwa mke wa mwenzake.

"Kalunde."

Taa haikuwaka.

"Kalunde," nilisema tena.

Ikawaka.

"Nani huyo ananiita kwa jina, kama mtoto aliyekamatwa na sukari?"

Ilikuwa sauti yake, na nyuma ya sauti kulikuwa na ule mkwaruzo, wa mtu aliyekuwa amekaa kimya akingoja umkosee.

"Mimi."

"Aa, Mluguru. Umekonda. Mpaka sauti imekonda. Nilidhani ni mbu."

Elinihaki aliziba mdomo kwa kofia. Nikamtazama Siwema. Machozi yalikuwa yanamtoka na mabega yanatikisika, na ni kicheko, namjua, anavyocheka tangu utoto, bila sauti. Nikainua tupa niliyokuwa nayo mkononi tangu asubuhi, kana kwamba kisemeo kina macho.

"Tupa umeiweka wapi?"

"Iko pale pale ulipoitupa, ndiyo maana ikaitwa tupa. Swali hilo utaniuliza mpaka lini, we mtu wa milimani? Huna jingine?"

Nikasema sina. Akacheka. Chumba kikarudi ukubwa wake. Nikavuta kigoda, nikakaa chini ya kisemeo nilipokuwa nakaa siku zote, na kwa muda ule mfupi, nasema kweli, niliwasamehe wakubwa wote, na waliobomoa nyumba, na walioweka kanuni.

"Haya umekaa," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka, ile sauti ya jioni, utani ukishawekwa pembeni. "Sasa nisikilize vizuri, Baba..."

Akakoma.

Nilidhani anatania. Taa ilikuwa inawaka na kufifia. Ilikuwa kama mtu aliyepeleka mkono kwenye rafu bila kutazama, mahali ambapo kitu kimekaa miaka yote, akashika hewa.

"Baba..." alisema tena. "Hebu ngoja. Nakuitaga hivyo kila siku. Baba..."

Elinihaki alisimama. Alikuwa ananitikisia kichwa, nisiseme. Kizingitini Siwema aliiachia kanga kutoka menoni. Jina lilikuwa pale, silabi tatu, amesimama nalo mzima mzima, mrefu kuliko mlango, na mdomo wake ukafunguka, ukafunga. Aliniangalia mimi. Mimi nikaiangalia tupa.

"Mbona mmenyamaza?" aliuliza mke wangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akiwa hai na akiwa ukutani, nilisikia ana hofu. "We Mluguru, usinicheze katika hili. Niambie. Baba nani?"